Mwenye Chombo Awepo

Saa nne asubuhi mpiga pasi alikuwa kwenye shati la tatu la meneja wa benki, ananyoosha kola, aliposikia ngazi ya chuma ikigonga fremu ya mlango wa duka la dobi. Hakuinua macho. Mtu mmoja tu mjini alitembea na ngazi begani na kuisahau kila anapofika mlangoni, naye alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza: fundi wa madishi ya televisheni, ambaye watu wote, hata mama yake mzazi, walimwita Narudisha.

Jina hilo lilitokana na neno alilozoea kulisema akiwa tayari ameshakishika kitu cha mtu. Alilisema akiwa ameshika koleo la jirani, mwavuli wa mwalimu, na mara moja akiwa kwenye suti ya bwana harusi, siku mbili kabla ya harusi.

"Nimekuja kwa ile pikipiki ya mzee," alisema. "Imekaa ukumbini inakula vumbi bure. Nipe wiki mbili nipige kazi za mtaa wa juu. Narudisha."

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu kuliko urafiki wao. Baba wa mpiga pasi alikuwa tarishi katika ofisi moja kwa miaka thelathini na moja, na siku ya kustaafu walimpa pikipiki ile aliyokuwa akibebea mafaili, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kuinunua. Kwa kuwa sasa alikuwa na usafiri wake, wakaendelea kumtuma. Simu ililia wakati wa chakula, mzee akanawa mkono, akamwambia mkewe, "Nakuja sasa hivi," akatoka. Alifariki mwaka wa pili wa kustaafu kwake, kwenye ngazi za ghorofa ya nne, akiwa na bahasha mkononi. Aliyekuwa nyuma yake aliichukua bahasha akaifikisha, kwa hiyo kazi haikuharibika. Ndani mlikuwa na orodha ya waalikwa wa sherehe ya binti wa mkurugenzi. Jina la mzee halikuwemo.

Mpiga pasi aligeuza shati. Alikuwa mtu mpole, asiye na makuu, lakini jambo moja alikuwa amejiapia tangu utotoni: yeye hataitwa. Alichagua kazi ya pasi kwa sababu pasi haina dharura.

"Chukua," alisema. "Ila sharti moja. Ikizima, usinipigie mimi."

"Sasa nimpigie nani?"

"Kata bima. Ile ya kuharibikiwa njiani. Uwapigie wao."

Narudisha hakuwahi kukataa sharti la mtu, kwa kuwa hakuwahi kulitimiza pia. Mchana huohuo walikwenda wote wawili kwenye ofisi ya bima, chumba kimoja juu ya duka la matairi, ambako dada mwenye miwani alipokea kadi ya pikipiki na kuisoma mbele na nyuma.

"Mwenye chombo ndiye huyu?"

Kadi ilikuwa bado na jina la tarishi. Alikuwa na miaka mitatu ardhini, na kila mwezi mwanawe alisema atakwenda kubadilisha jina mwezi ujao. Foleni ya huko ilikuwa ndefu.

"Ndiye," alisema mpiga pasi.

"Namba yake ya simu?"

Akaitaja. Ilikuwa namba pekee aliyoijua kwa kichwa. Simu yenyewe ilikuwa kabatini kwa mama yake, imefungwa kwenye leso, imetolewa betri. Palipotakiwa sahihi aliweka sahihi ya baba yake, yenye mkia mrefu mwishoni, ambayo alikuwa ameiiga vizuri tangu enzi za ripoti za shule.

Dada wa bima aliweka kidole chini ya mstari uliokolezwa wino, akausoma kwa sauti. "Mwenye chombo awepo mahali pa tukio, na asaini, kabla chombo hakijaguswa. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaazimana vyombo, halafu sisi tunakokota mali za watu bila wao kujua."

"Atakuwepo," alisema Narudisha. "Yule mzee hajawahi kuitwa asije."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli hakuna aliyelirekebisha.

Pikipiki ilizima Jumanne ya kwanza, katikati ya mlima wa hospitali. Narudisha alipiga namba ya bima. Sauti ikamwambia asubiri, wanawasiliana na mwenye chombo. Baada ya dakika moja ikarudi. "Amepokea. Anasema yuko njiani."

Narudisha alilaza ngazi ukingoni mwa barabara akaikalia. Baada ya dakika arobaini tarishi alitokea upande wa makaburini, kwa mwendo wake uleule wa mtu anayeogopa kuchelewa. Alikuwa na shati la kazi alilozikwa nalo, na mstari wa pasi kwenye mikono ya shati ulikuwa bado umenyooka. Hakuwa na viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imezimia hapahapa?"

"Hapahapa."

Mzee aliinama, akanusa tangi, akagusa hapa na pale. "Plagi hiyo," alisema. "Niliwaambia ofisini tangu mwaka ule."

Gari la kukokota lilichelewa. Mzee hakuwa mtu wa kusimama karibu na kazi bila kuishika, basi akaweka mikono nyuma ya kiti akaanza kusukuma. Narudisha alikaa juu, maana mtu lazima ashike usukani. Walipofika kileleni gari likawa limefika, dereva akalinganisha kadi na uso, mzee akasaini kwa ule mkia wake mrefu, akarudi alikotoka.

Siku ya pili Narudisha alipita dukani kwa dobi, akagonga fremu kwa ngazi.

"Jana mzee alikuja."

Mpiga pasi alinyunyiza maji kwenye suruali. "Alisemaje?"

"Plagi."

"Hakuniulizia?"

"Aliuliza kama bado uko kwenye pasi. Nikamwambia upo. Akasema vizuri, hiyo ni kazi ya ndani, hunyeshewi."

Mpiga pasi aliumia, kisha akajisikia nafuu, kwa mfuatano huo. Akaendelea na suruali.

Wiki mbili zikapita, na mwezi, na miezi. Pikipiki ilizima mara tatu kwa wiki. Narudisha, ambaye kwa mambo ya kuchukua alikuwa na akili nyepesi, aligundua kwamba kutoka makaburini hadi hospitali ni dakika arobaini lakini hadi sokoni ni kumi na tano tu. Basi ikianza kukohoa aliibembeleza ielekee sokoni. Akagundua pia kwamba gari la kukokota halina haja. Mzee angeweza kuisukuma mpaka kwa mteja, na akishafika angeweza kushika ngazi isiteleze, na akishashika ngazi angeweza kupokea waya. Mwisho akagundua kwamba si lazima pikipiki iharibike. Alichomoa plagi kwa mkono wake, akaitia mfukoni, akapiga simu.

Watu walizoea. Walisema mzee amepungua kidogo, lakini kwa umri wake si ajabu. Askari wa barabarani aliwasimamisha mara moja, akamwonya mzee kwamba kutembea kwenye lami bila viatu ni hatari kwa usalama wake. Mzee akaomba radhi.

Aliyempelekea habari mjane wake alikuwa jirani, fundi cherehani, aliyeingia na tepu bado iko shingoni. "Mama, nimemwona mzee wako mteremko wa soko. Anasukuma pikipiki, na yule rafiki wa mwanao amekaa juu kama bwana shauri. Wanasema watu wa bima ndio wanaomwita."

Mjane alikuwa na mtoto wa jicho machoni mwote. Watu aliwaona kama nguo zilizoanikwa kwenye moshi. Aligeukia upande wa sauti.

"Amevaa nini?"

"Shati lake la kazi."

"Na miguuni?"

Fundi cherehani alishika tepu yake akaanza kuikunja.

Hapo inabidi jambo moja lisemwe. Siku ya maziko mjane aliomba mumewe avishwe viatu vyake vyeusi. Mpiga pasi alisema viatu bado ni vizima, na miguu haitaonekana. Alikusudia kuvivaa mwenyewe. Vikawa vikubwa kwake, akavisukuma chini ya kitanda, na vikakaa huko. Cha kushoto kilikuwa kinalia. Kwa miaka yote ya ndoa mjane alijua mumewe amefika kwa mlio huo kwenye ngazi tatu za mlangoni, kabla ya hodi, na ndipo alipovuta kiti. Kuhusu viatu hivyo mama na mwana hawakuwahi kusemezana tena.

Aliazima simu ya fundi cherehani, akapiga namba ya mumewe, ingawa alijua simu yenyewe imo kabatini mwake. Haikupatikana. Akapiga mara ya pili na ya tatu. Kisha akaomba apigiwe watu wa bima. Dada mwenye miwani alimjibu kwa furaha kwamba mzee amepokea leo asubuhi, na jana pia.

"Mlio wa kwanza tu, mama, ameshapokea. Hatuna mteja kama yeye."

Mjane alishukuru, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa adabu. Halafu akakaa kitandani akalia, si kwa muda mrefu. Alilia kwa hasira. Miaka thelathini na ushei alimgawana mtu huyu na ofisi, akadhani kaburini angalau atakuwa wake.

Asubuhi iliyofuata alivaa gauni lake la kutokea, akamngoja Narudisha mlangoni, akamwambia ampakie. Narudisha alimpakia, ngazi imefungwa ubavuni, akamwendesha mpaka kwenye ukuta wa makaburi. Hapo akachomoa plagi, akapiga simu. Mzee alifika kwa dakika tano.

"Habari za asubuhi, mama watoto."

"Nzuri."

"Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

Miaka mitatu alikuwa ameyapanga maneno ya siku hiyo kichwani, mengine makali, mengine ya kumfanya mtu akae chini. Lililotoka lilikuwa, "Umekula?"

"Nitakula nikirudi," alisema mzee.

Aliinama kuangalia injini. Akaona pale plagi haipo, akainua macho, akaiona mkononi mwa Narudisha, ambaye alikuwa akiichezea. Aliitazama kwa muda. Mtu mwingine angeuliza.

"Sina neno," alisema, akaenda nyuma ya pikipiki.

Narudisha akaeleza kwamba, maadamu wameshafika huku, ana mteja mtaa wa juu, na plagi ina uchafu. Mjane alitaka kushuka.

"Usishuke mama, anaweza," alisema Narudisha.

"Usishuke," mzee naye alisema. "Kuna mawe."

Basi akasukumwa. Alikaa wima, mikono mapajani, akisikiliza nyuma yake kama mumewe anahema. Hakuwa akihema. Alisikia nyayo tu kwenye kokoto, moja baada ya nyingine, kilometa mbili, na kila unyayo aliupokea kifuani. Walipofika aligeuka kuelekea kwenye lile shati.

"Rudi nyumbani leo. Uje ukae tu. Basi."

"Nakuja sasa hivi," alisema mzee, akaenda kushika ngazi.

Jioni hiyo mjane alivuta kiti. Chai ilipoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Mwanawe alipiga pasi nguo za wateja alizobeba kutoka kazini. Mjane aliposema, alisema bila kupandisha sauti.

"Mnyang'anye yule pikipiki. Na kadi ukaibadilishe. Baba yako hajastaafu mpaka leo."

Hakuwahi kumwomba mwanawe kitu kikubwa. Mpiga pasi alisema sawa. Pikipiki aliidai keshoye. Narudisha alisema wiki hii ana madishi manne, akimaliza tu anarudisha. Mpiga pasi hakupenda ugomvi, na kwa hilo, na kwa hilo tu, alikuwa mtoto wa baba yake. Ikabaki kadi.

Aliomba nusu siku, akachukua namba, akafika dirisha la tatu. Karani alikuwa anakula karanga juu ya mihuri.

"Anayehamisha yuko wapi?"

"Ni marehemu."

"Nimekuuliza yuko wapi. Anayehamisha lazima awepo." Karani akavuta simu, akaisoma namba kwenye kadi, akapiga. "Anakuja. Kaeni kwenye benchi."

Mzee alifika baada ya robo saa. Alisimama kando ya mlango kama tarishi anavyosimama, mpaka alipoambiwa aketi. Mbele yao kulikuwa na watu ishirini. Baba na mwana hawakuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo bila simu kulia.

"Bado uko kwenye pasi," alisema mzee.

"Bado."

Mzee aligusa mkono wa shati lake. "Huu mstari ni wako. Haujatoka mpaka leo." Alisema kwa fahari, akiunyoosha mbele yake ili mwanawe auone. "Kule watu wanauliza."

Mpiga pasi hakuweza kuutazama. Alitazama chini, akaiona miguu. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama sabuni iliyokauka, na kwenye kisigino kimoja kokoto lilikuwa limeingia likakaa. Alitaka kusema kuhusu viatu. Alikuwa nayo maneno, yalikuwa mdomoni kabisa.

"Kumepoa leo," alisema.

"Kumepoa," alisema baba yake.

Walipoitwa dirishani mzee alisaini kwanza, mkia ukavuka ukingo wa karatasi. Karani aliigeuza fomu, akamsukumia mwana kalamu. Mpiga pasi aliishika.

"Na bima nayo inahamia kwangu?"

"Bima inafuata chombo. Mwenye chombo ndiye anayeitwa."

"Hata nikiwa kazini?"

"Hata ukiwa wapi. Huyu aliitwa akiwa huko aliko, na si umemwona amekuja?"

Mpiga pasi aliufikiria mlima wa hospitali. Aliifikiria redio ya dukani, mvuke, mashati yaliyotundikwa kwa mpangilio wa rangi, na simu yake mwenyewe ikilia katikati ya kola. Alimwona Narudisha amekaa juu, ameshika usukani, anamwambia, "Sukuma kidogo tu, ndugu yangu." Karani alitafuna karanga. Foleni nyuma ilianza kuguna.

"Saini, mwanangu," alisema mzee. "Au acha. Mimi sina neno."

Alikuwa amelisema neno hilo maisha yake yote, kwa kila aliyemtuma, na wote waliomtuma walilipokea hivyohivyo kama mwanawe alivyolipokea sasa: kama ruhusa. Mpiga pasi aliweka kalamu chini. Akasema amesahau nakala ya kitambulisho, atarudi. Karani aliikunja fomu akaitia kwenye droo yenye fomu nyingi zilizokunjwa. Wakati huohuo mzee aliinua kichwa, kama mtu aliyesikia anaitwa, akaaga, akatoka mbiombio kuelekea sokoni.

Nyumbani mama aliuliza vipi.

"Mtandao unasumbua," alisema mpiga pasi. "Hawakuweza."

"Sasa?"

"Wamesema watanipigia."

Mjane akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akapapasa mpaka akavipata. Kama mtu hawezi kupumzishwa, basi asitembee peku. Alivipeleka mwenyewe kwa mshona viatu wa kona, akishika ukuta njia nzima. Mshona viatu aliviangalia, akasema vinahitaji soli na uzi, na hiki cha kushoto kinalia, atakitia nta.

"Hicho kishone," alisema mjane. "Ila mlio wake uuache."

Vilipokuwa tayari alivipaka rangi kwa vidole, kwa kuwa vidole viliona vizuri kuliko macho, akamkabidhi Narudisha vikiwa kwenye mfuko. "Mwambie nimempa mimi. Na umwangalie anavyovivaa, asivitie kwapani akaenda navyo. Namjua."

"Vitamfikia, mama," alisema Narudisha, na alikusudia. Siku mbili alivibeba kwenye mfuko. Mara zote mzee alipokuja kulikuwa na haraka ya kazi. Siku ya tatu mvua ilinyesha, ndala za Narudisha ziliteleza kwenye kipago cha juu kabisa cha ngazi, na mzee aliyekuwa chini akamdaka mguu. Narudisha alishuka, akafungua mfuko, akavijaribu. Vilimkaa. Aliona mambo yalivyo: yeye anapanda, mzee hapandi. Mzee alimtazama akifunga kamba, akamwambia cha kushoto kinabana kidogo asubuhi lakini kinaachia. Narudisha akamwambia akinunua vyake tu, anarudisha.

Mwaka wa bima ulipokaribia kwisha, jioni moja mjane alikuwa mezani anachambua vifungo vya mashati ya wateja, na mwanawe yuko kwenye meza ya pasi. Nje mtu alipanda ngazi ya kwanza. Kiatu cha kushoto kikalia. Akapanda ya pili, akapanda ya tatu, na kiatu kikalia pale kilipokuwa kikilia siku zote.

Mjane aliinuka haraka hata vifungo vikamwagika. Alikipata kiti kwa mkono, akakivuta, akakifuta kwa upindo wa khanga. Uso wake ulikunjuka kiasi kwamba mwanawe, aliyekuwa ameshaona kupitia dirishani ni nani anayekuja, aliishusha pasi chini na kuisahau juu ya shati.

"Leo umewahi," alisema mjane.

"Shikamoo mama," alisema Narudisha, na ngazi ikagonga fremu.

Mjane alibaki amesimama, mkono mmoja kwenye kiti. Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kuenea, mpiga pasi akainua pasi. Narudisha akatoa karatasi mfukoni, akasema ni ile ya bima, mwaka mpya; masharti ni yaleyale, inatakiwa sahihi ya mwenye chombo tu. Mpiga pasi alifuta mikono kwenye suruali. Alisaini, na mkia ulitoka vizuri kuliko wa baba yake.

"Viatu vilimfikia?" mjane aliuliza. Alikuwa ameinamisha kichwa, amegeuzia sikio sakafuni.

Narudisha alisogea kidogo. Cha kushoto kikalia.

"Vilimfikia, mama."

"Vinamtosha?"

"Kama alizaliwa navyo."

"Afadhali," alisema mjane. "Barabarani kuna mawe."

Narudisha alikunja karatasi, akaaga, akatoka. Mjane alikisikiliza kiatu kikishuka ngazi ya tatu, na ya pili, na ya kwanza, kikavuka uwanja, kikaenda mpaka pikipiki ilipowaka kwa kikohozi chake na kuondoka. Vifungo vilikuwa sakafuni. Mwanawe alianza kuviokota kimoja kimoja, kwa kuwa ni lazima mtu aviokote.

"Baba yako alisema anarudi saa ngapi?"

Mpiga pasi alikuwa chini ya meza, na kutoka pale aliiona miguu ya mama yake, na miguu minne ya kiti kitupu.

"Sasa hivi," alisema.

Mjane aliketi. Kiti kile alikiacha hapohapo alipokivuta.